Kutoka ATV Hadi Gari la Viti Sambamba: Mambo ya Kupima Kabla ya Kubadili

Watu wengi wanaomiliki pikipiki ya magurudumu manne, ile inayoitwa ATV, hufikia siku wanapotaka kuibadili kwa gari dogo la nje ya barabara lenye viti viwili au zaidi vilivyo sambamba. Sababu zao ni za kueleweka. Goti halikubali tena kurushwa juu ya kiti. Mwenzi wa nyumbani anataka naye kwenda, lakini kiti ni cha mtu mmoja. Kuni, majani ya mifugo na vifaa vya shambani vimeuzidi uwezo wa rafu ya nyuma. Muuzaji naye huongeza neno lake: gari hili ni salama zaidi, kwa kuwa lina kizimba cha chuma, mikanda ya usalama na usukani kama wa gari la kawaida.

Neno hilo ni kweli nusu. Kizimba na mkanda huokoa maisha, lakini huokoa maisha ya yule tu aliyefunga mkanda na kubaki ndani. Anayehama kutoka ATV hubadili chombo na pia hubadili mahali ambapo usalama wake unatoka. Makala haya yanawaelekeza wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani katika kupima mabadiliko hayo, tangu kuchagua na kulipa hadi siku za kwanza za kuendesha.

Vyombo viwili, kanuni mbili

ATV hupandwa kama farasi. Dereva hukaa akitanua miguu, hushika usukani wa mikono miwili, na huongeza mwendo kwa kidole gumba. Matairi yake ni mapana na yana upepo mdogo, kwa sababu yameundwa kwa udongo, nyasi na mchanga, si kwa lami. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mwili wa dereva ni sehemu ya mfumo wa mizani. Anapopanda kilima huinama mbele. Anapokata kona huhamishia uzito wake upande wa ndani. ATV nyingi zimetengenezwa kwa mtu mmoja, kwa kuwa abiria wa nyuma huivuruga mizani hiyo.

Katika gari la viti sambamba, ambalo madukani huitwa UTV, SXS au ROV, dereva hukaa kitini, hukanyaga pedeli na kuzungusha usukani wa duara. ATV ya mtu mzima kwa kawaida huwa na uzito wa kati ya kilo 250 na 400; gari la viti sambamba mara nyingi huanzia kilo 450 na huweza kukaribia kilo 900. Kwa uzito huo, kuinamia upande mmoja hakusaidii kitu. Kinachobaki mikononi mwa dereva ni mwendo, usukani na uamuzi wa kutopita mahali pasipopitika.

Sheria nazo zimetofautiana. Mwaka 1988, baada ya serikali ya shirikisho kufungua kesi, watengenezaji wakubwa walikubali kuacha kuuza ATV mpya za magurudumu matatu. Sheria ya kuboresha usalama wa bidhaa ya mwaka 2008 ikafanya kiwango cha usalama cha ATV za magurudumu manne kuwa cha lazima kuanzia mwaka 2009. Kwa magari ya viti sambamba, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji, yaani CPSC, ilipendekeza kanuni ya lazima mwaka 2014. Watengenezaji waliboresha viwango vyao vya hiari, na kanuni hiyo haikupitishwa. Kwa hiyo mnunuzi ana kazi ya ziada: kuuliza kama gari linafuata kiwango cha ANSI/ROHVA 1 au ANSI/OPEI B71.9, na kutafuta tamko hilo kwenye lebo ya gari au katika kitabu chake. Muuzaji asiyeweza kujibu swali hili anakufundisha jambo kuhusu duka lake.

Mazoea yanayopaswa kuachwa

Aliyeendesha ATV kwa miaka mingi, au pikipiki kabla ya kuja Marekani, amejifunza kwa mwili wake kwamba chombo kikianza kulala ni heri kujitenga nacho. Hutupa mguu chini, au huruka. Katika gari la viti sambamba, zoea hilo ni la hatari kuliko lingine lolote. Gari likianza kuinuka upande mmoja, mkono au mguu unaotolewa nje huenda moja kwa moja mahali ambapo chuma kinaangukia. Asiyefunga mkanda hutupwa nje kwa kiasi tu, kisha kizimba kilichokusudiwa kumlinda humwangukia.

Historia ya soko yenyewe imetoa funzo hili. Mnamo Machi 2009, CPSC na kampuni ya Yamaha zilitangaza mpango wa matengenezo ya bure kwa magari ya Rhino 450 na 660, yaliyofikia takriban 120,000. Tume ilikuwa imechunguza zaidi ya matukio 50 yaliyohusisha vifo 46. Zaidi ya theluthi mbili ya matukio hayo yalihusu gari kupinduka, na wengi wa waliokuwamo hawakufunga mikanda. Mengi ya mapinduko hayo yalionekana kutokea wakati wa kukata kona, kwa mwendo mdogo kiasi na juu ya ardhi tambarare. Matengenezo yaliyotolewa yalijumuisha kupanua nafasi kati ya magurudumu ya nyuma, kuondoa fito ya nyuma ya kuzuia kuyumba, na kuweka nusu milango na vishikio vya abiria.

Mnunuzi wa leo ana mambo mawili ya kuchukua hapo. Kwanza, hakuhitajiki mlima mkali wala mbio ili gari lipinduke. Kona moja ya ghafla uwanjani nyuma ya nyumba yatosha. Pili, milango, nyavu za pembeni na vishikio vimewekwa ili kuvizuia viungo visitoke nje. Anayeviondoa ili apande na kushuka kwa urahisi ameondoa sehemu ya ulinzi aliyoilipia.

Baadhi ya modeli huzuia mwendo usizidi maili 15 kwa saa, yaani kilomita 24, mpaka dereva afunge mkanda. Wapo wanaoudanganya mfumo huo kwa kuupachika mkanda nyuma ya mgongo. Ukikuta gari la kuuzwa likiwa na mkanda uliofungwa hivyo, tambua kuwa limeendeshwa na mtu asiyetaka ulinzi, na likague kwa makini zaidi. Kofia ngumu nayo inabaki kuwa lazima kwa mwenye busara: kizimba huzuia paa la gari lisikuponde, lakini hakikizuii kichwa kisigonge nguzo za kizimba chenyewe.

Watoto na abiria

Hoja inayowasukuma wazazi wengi kubadili ni kwamba sasa watoto watapata viti. Kiti peke yake hakitoshi. Abiria yeyote anapaswa kuweza kufanya mambo manne kwa wakati mmoja: kuegemeza mgongo wote kitini, kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kushika kishikio bila kujinyoosha, na kufungwa mkanda unaopita begani na juu ya nyonga, si shingoni wala tumboni. Mtoto asiyetimiza hata moja ya masharti haya ni mdogo mno kwa gari hilo, haijalishi ana umri gani. Kiti cha mtoto cha gari la kawaida hakikuundwa kwa magari haya. Kukipachika humo ni kujipa matumaini yasiyo na msingi. Sanduku la mizigo la nyuma halikai mtu kamwe, hata kwa safari fupi ya kutoka zizini hadi nyumbani.

Kuhusu dereva, chama cha watengenezaji kinaelekeza awe na umri wa miaka 16 au zaidi na leseni halali ya udereva. Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinashauri kwamba walio chini ya miaka 16 wasiendeshe wala wasipande vyombo vya aina hii. Sheria za majimbo zinatofautiana, na baadhi huruhusu umri mdogo zaidi kwa masharti. Ruhusa ya sheria, hata hivyo, haimwongezei mtoto urefu wala uamuzi.

Jambo moja husahaulika mara nyingi: ATV ya zamani itakwenda wapi? Baadhi ya familia hununua gari la viti sambamba na kumrithisha kijana wa nyumbani ATV ya mtu mzima. ATV hubeba lebo ya umri. Zile za ukubwa kamili ni za umri wa miaka 16 na kuendelea. Zipo nyingine zilizopunguzwa mwendo na ukubwa kwa umri wa kuanzia miaka 6, 10, 12 na 14. Kijana wa miaka 12 juu ya ATV ya baba yake ameachiwa chombo asichoweza kukihamisha kwa uzito wa mwili wake. Kama hakuna mtu mzima atakayeitumia, ni heri iuzwe, na fedha zake zipunguze mkopo wa gari jipya.

Je, litapita, na litabebwa na nini?

ATV nyingi zina upana usiozidi inchi 50, sawa na sentimita 127. Upana huo una maana ya kisheria: katika misitu ya taifa zimo njia nyingi zilizofunguliwa kwa vyombo vya inchi 50 au pungufu tu. Magari ya viti sambamba mengi yana upana wa inchi 60, 64 au hata 72. Aliyezoea kupita njia fulani kila msimu wa kuwinda anaweza kugundua, baada ya kulipa, kwamba gari lake jipya limekatazwa humo. Huduma ya Misitu hutoa bila malipo ramani za matumizi ya vyombo vya moto, zinazoonyesha upana unaoruhusiwa katika kila njia. Chukua ramani ya msitu wako, kisha ndipo uende dukani. Pima pia lango la shamba, mlango wa banda na vidaraja vyako mwenyewe. Kidaraja cha mbao kilichoibeba ATV kwa miaka kumi hakijapimwa kwa uzito maradufu.

Usafirishaji nao hubadilika. ATV huingia nyuma ya pikapu; gari la viti sambamba kwa kawaida huhitaji tela. Kwa mfano, gari la pauni 1,500 juu ya tela la pauni 800 ni mzigo wa pauni 2,300, zaidi ya kilo 1,000, kabla ya kuongeza mafuta na vifaa. Linganisha jumla hiyo na uwezo wa kuvuta ulioandikwa katika kitabu cha gari lako. Kama hautoshi, gharama ya kubadili imeongezeka kabla hujaanza.

Usitegemee kwamba taa na usukani vinalifanya gari hili liwe la barabarani. Kama ATV, limetengenezwa kwa matumizi ya nje ya barabara, na matairi yake hayashiki lami kama ya gari la kawaida. Baadhi ya majimbo na kaunti huruhusu kupita barabara fulani kwa masharti; mengine hayaruhusu. Uliza ofisi ya usajili ya jimbo lako kuhusu namba za usajili, leseni, bima na umri.

Bei iliyo kwenye tangazo na bei utakayolipa

Magari mapya ya viti sambamba mara nyingi hugharimu zaidi ya dola 10,000, na yale ya mwendo mkubwa au ya viti vingi hupita dola 30,000. Juu ya bei ya tangazo huja gharama za kusafirisha, kuandaa na kuandika hati, pamoja na kodi. Kisha kuna yale yanayouzwa kando: paa, kioo cha mbele, winchi, kofia ngumu na tela. Omba karatasi moja yenye bei ya mwisho, kila gharama ikiwa mstari wake, kabla ya kuzungumzia mkopo.

Katika mkopo, muuzaji hupenda kutaja malipo ya mwezi. Wewe tazama jumla. Chukua mfano wa dola 15,000 kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Ukilipa kwa miezi 48, utalipa takriban dola 373 kila mwezi, na riba yote itakuwa kama dola 2,900. Ukilipa kwa miezi 72, malipo ya mwezi hushuka hadi takriban dola 270, lakini riba hufikia karibu dola 4,470. Unafuu wa kila mwezi umekugharimu zaidi ya dola 1,500. Sheria ya shirikisho ya ukweli katika mikopo, ya mwaka 1968, humtaka mkopeshaji akuonyeshe kwa maandishi asilimia ya gharama ya mwaka, inayoandikwa APR, na jumla ya fedha utakazolipa. Zitafute namba hizo mbili kabla ya sahihi yako.

Watu wengi huamini kwamba mnunuzi ana siku 3 za kubadili nia. Kanuni ya shirikisho ya siku 3 inahusu mauzo ya mlangoni na ya mahali pa muda, si gari ulilolinunua dukani kwa muuzaji. Ukishatia sahihi, kwa kawaida umenunua. Kwa hiyo omba kwenda na mkataba nyumbani, na kama Kiingereza cha mkataba kinakutatiza, usomewe na mtu unayemwamini asiye na faida katika mauzo hayo. Ahadi ya mdomo isiyoandikwa katika mkataba ni vigumu kuidai baadaye. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuhusu dhamana, fahamu kwamba sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 kwa ujumla hairuhusu mtengenezaji kuifuta dhamana kwa sababu tu ulihudumiwa na fundi mwingine au ulitumia kipuri cha kampuni nyingine. Anaweza kukataa kulipia uharibifu ambao kazi hiyo au kipuri hicho kimesababisha. Hifadhi risiti za mafuta ya injini, vichujio na kila huduma.

Ukinunua lililotumika

Gari lililotumika huweza kuwa ununuzi mzuri, mradi likaguliwe kwa mchana na likiwa baridi. Anza na kizimba. Nguzo iliyopinda, rangi mpya mahali pamoja tu, alama ya kulehemu au tundu lililotobolewa huashiria kwamba gari liliwahi kupinduka au limebadilishwa. Chuma kilichochomelewa upya hakiwezi kuaminiwa kwa jicho tu. Vuta kila mkanda kwa ghafla uone kama unakaza, na uufunge na kuufungua mara kadhaa. Tazama kama matairi au miguu ya gari imeinuliwa kuliko ilivyotoka kiwandani. Kitovu cha uzito kikipanda juu, gari hupinduka upesi zaidi. Nusa harufu ya petroli, na uangalie kama majani makavu yamejikusanya karibu na bomba la moshi, kwa kuwa moto umekuwa sababu ya baadhi ya magari haya kurudishwa kwa watengenezaji.

Nakili namba ya utambulisho wa gari, VIN, kutoka kwenye fremu, na uhakikishe inalingana na hati ya umiliki. Kisha ulizia kama gari limewahi kutangazwa kurudishwa au kutengenezwa bure. Hapa ndipo wengi hukosea: vyombo vya nje ya barabara viko chini ya CPSC, si chini ya mamlaka ya usalama barabarani inayoshughulikia magari ya kawaida. Usiridhike na majibu ya tovuti ya magari ya barabarani. Angalia matangazo ya CPSC, kisha mpigie mtengenezaji au wakala wake umpe namba ya VIN akuambie kama matengenezo yalifanyika.

Siku za mwanzo

Hata dereva mzoefu wa ATV aanze kama mwanafunzi. Zipo kozi za mafunzo ya magari haya, na kitabu cha gari kinapaswa kusomwa kabla ya funguo kuzungushwa. Chagua uwanja mpana usio na mteremko. Kata kona kwa mwendo wa kutembea, ukiongeza kidogo kidogo, mpaka uhisi jinsi gari linavyoegemea. Jifunze umbali wa kusimama likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo, bila kuzidi uzito ulioandikwa kwenye lebo ya sanduku. Mteremko upandwe na ushukwe moja kwa moja, si kwa kuukata ubavu. Mikono yote, miguu yote, ndani muda wote. Fanya sentensi hiyo kuwa sharti la kila abiria kabla injini haijawashwa.

Kabla ya kutia sahihi

Jiulize maswali haya:

1. Je, njia ninazopita zinaruhusu upana wa gari hili?
2. Je, nina gari na tela vyenye uwezo wa kulivuta?
3. Je, kila atakayekaa humo hutimiza masharti manne ya abiria?
4. Je, nimeona kwa maandishi bei ya mwisho, APR na jumla ya malipo?
5. Je, bima yangu inalihusu gari hili nje ya eneo la nyumba yangu?
6. Je, nimeulizia VIN kwa mtengenezaji?
7. Je, nimeamua ATV ya zamani itamfikia nani?

Kama jibu la swali moja ni hapana, ahirisha ununuzi. Gari litakuwapo wiki ijayo. Na iwapo baada ya kununua utaona kasoro inayohatarisha maisha, acha kulitumia, mwarifu muuzaji kwa maandishi, na utoe taarifa kwa CPSC kupitia SaferProducts.gov. Taarifa kama hizo ni miongoni mwa mambo yanayoisaidia tume kutambua kasoro, na yako inaweza kuwaepusha wengine na ajali ambayo wewe umeiona mapema.